Kuvalisha Mnyoo wa Mpira

Jumatano, mwezi wa kumi. Joto. Mawingu yanajikusanya kila alasiri, yanatutania, kisha yanaondoka zake. Vumbi la leo limeingia mpaka kwenye kopo la sukari.

Blogu hii Neema, mwanangu, alinifungulia ili niandike mapishi. Aliyekuja kutafuta namna ya kuanika matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, anisamehe. Viazi vipo, vimekaa jikoni vinaniangalia, sina nguvu ya kuvichemsha. Naandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Waliokuwepo nimewafukuza mwenyewe.

Kesho asubuhi shemeji yangu Maganga anakuja na gari kumchukua mume wangu, ampeleke kijijini Goweko. Naogopa kwamba akitoka kwenye mlango huu hatarudi.

Haya, nimeshaandika. Nilikuwa naogopa hata kuandika.

Kwa msiotujua: mume wangu ni Baba Neema. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na tangu astaafu kazi yake ni kuvua samaki bwawani Igombe na kuongea. Sijui kipi alikipenda zaidi. Alikuwa anaongea na abiria, na wauza mkaa, na kuku wangu. Nilikuwa namwambia, Baba Neema, hebu nyamaza kidogo masikio yangu yapumzike. Nilisema hivyo mara nyingi mno, Mungu anisamehe.

Sasa amenyamaza. Amepata kiharusi, upande wa kulia wote umelala, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Maneno yote yameondoka. Limebaki moja tu.

"Ficha."

Basi, hilo tu. Ukimsalimia, ficha. Ukimuuliza anasikia maumivu wapi, ficha. Ukimletea uji anageuza uso ukutani, anasema ficha. Daktari alinieleza kwamba wengine hubaki hivyo, neno moja linaganda mdomoni, na huenda halina maana yoyote. Nikamwambia nimeelewa. Sikuelewa hata kidogo. Mtu uliyeishi naye ujana wako wote hawezi kusema neno lisilo na maana, ndivyo nilivyojiambia, na hapo ndipo nilipopotea.

Nirudi nyuma kidogo.

Alianguka asubuhi, akiwa mezani chumbani kwetu anaandaa chambo. Chambo chake si cha kawaida. Ni minyoo ya mpira, laini, mingine ya zambarau, mingine ya kijani yenye madoadoa, ukiishika inatikisika kama inataka kukutoroka. Aliipata sokoni kwenye mitumba. Muuzaji alifungua belo akakuta kizibao chenye mifuko mingi, na kila mfuko umejaa pakiti za minyoo hiyo. Alidhani ni pipi. Alitafuna mmoja kabla hajakubali kwamba si pipi. Kwenye pakiti kuna picha ya samaki mwenye mdomo mpana kama ndoo, anaitwa besi, ambaye Igombe hajawahi kuonekana wala kusikika. Baba Neema hakujali. Alisema kambale hajui kusoma pakiti.

Kazi yenyewe alijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za watu wa mbali wasioisha kucheka. Akaiita kuvalisha. Mnyoo unavalishwa ndoano, alisema, kama unavyomvalisha mtoto shati, usipomnyoosha vizuri atatembea upande. Mnyoo ukichanika hakuutupa, aliyeyusha nta ya nyuki akauunga, kwa hiyo chumba changu kilikuwa kinanuka nta na mpira siku zote. Nikalalamika. Nikamwambia wanaume wenzako wakistaafu wanafuga ng'ombe, wewe unafuga minyoo ya plastiki.

Siku aliyoanguka nilimkuta sakafuni, kiti kimelala juu yake. Tuliporudi kutoka hospitali niliyachukia yale makorokoro kuliko kitu chochote duniani. Niliona jua la bwawani ndilo lililomla kichwa. Nikakusanya minyoo na ndoano zote zilizokuwa mezani, nikazitia kwenye sanduku lake la bati, nikalisukumia juu ya kabati. Fimbo yake ya kuvulia ilikuwa imesimama kwenye kona karibu na dirisha, nyuma ya pazia. Sikuigusa. Niliitazama tu kwa hasira nikaiacha hapohapo.

Wageni wakaja, kama ilivyo desturi. Wa kwanza walikuwa kina mama wa kwaya yetu ya Moraviani. Wakaingia chumbani, wakakaa kwenye benchi chini ya dirisha, wakaanza wimbo kwa sauti ya chini. Baba Neema akafungua macho. Akawatazama, akaanza, "Ficha. Ficha. Ficha!" Alikuwa anapiga godoro kwa mkono wa kushoto. Machozi yanamtoka. Wimbo ukafa katikati.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nikaona mtu aliyekuwa mcheshi wa mtaa mzima, mdomo umekwenda upande, mate yanamtiririka, na wanawake wamekaa mbele yake wanamtazama. Anaona aibu. Anataka nimfiche. Nikamfunika kanga mpaka shingoni, nikawaomba kina mama watoke. Waliinuka kwa haraka, Mama Eliza akalalamika kitenge chake kipya kimenasa kwenye kitu fulani kikachanika, mimi hata sikumsikiliza.

Tangu siku hiyo nikafunga mlango.

Nilifunga kwelikweli. Majirani walikuja na mayai, nikayapokea mlangoni nikawaambia amelala. Mchungaji alikuja, amelala. Mtu gani analala wiki nzima, lakini watu wana adabu, hawakuuliza. Wakaacha kuja mmoja mmoja. Mtaa ukaanza kunisema na mimi nikaanza kuukwepa mtaa, naenda dukani kwa njia ya nyuma kama mwizi.

Aliyeniumiza zaidi kumfukuza ni Mzee Malogo. Huyu ni Mgogo, walifanya naye kazi reli, na ni mtani wa mume wangu, utani wa kweli wa Mgogo na Mnyamwezi, usio na breki. Alifika akasimama nje ya uzio akapaza sauti ili mgonjwa asikie.

"We Mnyamwezi! Nasikia umelala! Mizigo iko barabarani tangu enzi za misafara, nani abebe? Mimi Mgogo? Nilichoka kukuuzia maji ya kunywa njiani, sasa unataka nikubebee na pembe za ndovu?"

Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nishike ukuta. Siku hiyo nilitoka nimevimba nikamwambia mzee, tafadhali, mwenzako hataki kuonwa, anasema tumfiche. Akanitazama. Kisha akavua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya nyumba ya mtani. Akasema pole, mama. Akaondoka.

Mtani akikupa pole badala ya kukutania ujue amekuhesabu umekufa. Nilirudi ndani nikakaa jikoni, nikalia juu ya vile viazi.

Baada ya hapo Baba Neema akaanza kukataa chakula. Uji anakunywa vijiko kadhaa tu, na hivyo nimshike kidevu. Dada wa mazoezi ya viungo anayekuja hapa anasema mkono wa kulia unaweza kuamka kidogokidogo akijitahidi, lakini yeye hajitahidi. Anainuliwa mkono, anaushusha. Wiki iliyopita dada aliniambia polepole, kama anaogopa kuniumiza, kwamba mgonjwa akikata tamaa mazoezi hayamsaidii. Nikamjibu kwa ukali. Sikumbuki nilisema nini, nakumbuka tu uso wake.

Hapo ndipo shemeji Maganga alipoingia. Maganga si mtu mbaya. Analima tumbaku, ana roho nzuri na sauti kubwa, na anampenda kaka yake kuliko anavyojua kusema. Alikaa kando ya kitanda akamshika mkono uliolala, akamuuliza kwa Kinyamwezi, kisha kwa Kiswahili, kaka unataka nini. Akajibiwa ficha. Maganga akafunika uso kwa viganja vyake.

"Shemeji, umesikia mwenyewe. Kaka hataki mji huu umtazame. Tumpeleke nyumbani, akae kwetu, mbali na macho ya watu. Kama ni kupona atapona kule. Kama siyo, basi awe kwao."

Nikasema na mazoezi je, na kliniki je, Goweko nani atamnyoosha mkono. Akasema kwa upole, "Mkono anaukataa, shemeji. Anachokitaka amekisema."

Mimi mwenyewe ndiye niliyemweleza kila aliyeuliza, hata yeye Maganga, kwamba anataka kufichwa. Alichukua neno langu akaniwekea mbele. Neema amepiga simu kutoka Mwanza analia, anasema mama usikubali, baba akiwekwa kule ndiyo amewekwa akafie. Nikamwambia mwanangu nifanyeje, baba yako ndiye anayesema. Salio likaisha, simu ikakatika.

Basi leo nilikuwa nafungasha.

Mashati yake. Blanketi. Redio ndogo. Kila kitu nilichokiweka kwenye begi nilikitoa, nikakikunja upya, nikakirudisha, ili tu kazi isiishe. Yeye alikuwa macho, ananifuata kwa macho. Nikapanda kwenye kiti kuchukua shuka zilizo juu ya kabati na mkono wangu ukagusa lile sanduku la bati.

Sitasema uongo, nililishusha nikalitupe. Nilitaka nilifungue mbele yake nimwoneshe, huyu hapa adui yako, nakwenda kumtupa shimoni. Nilikuwa na hasira na yeye. Ndiyo, na mgonjwa. Hasira kwamba anaondoka na hajaniambia hata neno moja langu mimi. Nikakaa kitandani, nikafungua. Minyoo ilikuwa imegandana kwa joto, zambarau imeingia kwenye kijani. Nta ilikuwa imeyeyuka ikaganda tena kwenye pembe. Harufu ikatoka, ile niliyoilalamikia, nikajikuta nimeivuta puani kama mjinga.

Sijui kwa nini nilichukua ndoano. Labda mikono ilitaka kazi ambayo si kufungasha. Nikabandua mnyoo mmoja wa kijani, nikachukua ndoano yenye goti, ile iliyopinda shingoni, nikaanza kuvalisha kama nilivyokuwa namwona akifanya. Unachoma puani pa mnyoo, unatoa ncha chini kidogo, unausogeza juu mpaka kichwa kifunike tundu la ndoano. Unageuza. Unapima mwili uko wapi, unachoma tena, ncha inatokea upande wa pili. Mnyoo umekunjamana kama soksi. Lakini ulikaa. Nikauinua juu, nikamwambia kwa sauti ya kukera, haya, na mimi ni mvuvi, umeona?

"Ficha," akasema.

Nikasema ndiyo, najua, kesho unakwenda kufichwa.

"Ficha." Mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye shuka. Haukunielekea mimi. Ulikuwa unaielekea ndoano.

Nikaitazama. Ncha ilikuwa imetokeza juu ya mgongo wa mnyoo, kali, inang'aa.

Na hapo nikamsikia. Nikamsikia yeye wa zamani, na mdomo wake usiochoka, akinieleza kitu ambacho sikumwuliza wakati mimi nachambua mchicha. Kwamba Igombe chini kuna visiki vya miti iliyozama na magugu kila mahali. Ncha ikiwa nje itanasa kila itakapopita. Kwa hiyo ukishamaliza kuvalisha, unairudisha ncha ndani ya ngozi ya mnyoo, kidogo tu, isionekane, mpaka samaki mwenyewe aume ndipo itoke. Ukisahau hilo umefanya kazi bure. Alikuwa na maneno mawili ya kunimalizia hadithi hiyo kila mara. Ficha ncha, Mama Neema.

Nikabana mnyoo kwa vidole, nikaisukuma ncha ndani ya mpira. Ikapotea.

Akanyamaza. Akashusha mkono. Akafumba macho, akashusha pumzi.

Sikuamini. Nikaichomoa ncha tena, nikamwonesha. "Ficha!" Nikairudisha. Kimya. Nikachukua mnyoo mwingine, wa zambarau, nikauvalisha makusudi ncha nje. Ficha. Nikaificha. Kimya, na nusu ya mdomo iliyobaki hai ikapanda juu kidogo. Nilirudia kama mwendawazimu mpaka minyoo karibu yote ikawa na matundu. Hakukosea hata mara moja.

Halafu nikakumbuka wale kina mama wa kwaya.

Nikainuka, nikaenda kwenye dirisha, nikavuta pazia. Fimbo ilikuwa palepale kwenye kona. Mshipi unaning'inia, na mwishoni mwa mshipi kuna mnyoo uliovalishwa nusu, ule aliokuwa nao mkononi asubuhi ile kiharusi kilipomkuta. Ncha iko nje. Imeanza kutu. Imetoboa pazia ikatokeza upande wa chumbani, usawa wa bega la mtu aliyekaa kwenye benchi, na imeshika uzi wa kitenge chekundu cha Mama Eliza.

Nilikaa kwenye benchi hilohilo, nikatazama kitandani.

Kutoka kitandani kwake anaiona vizuri. Ndicho kitu pekee kinachoonekana ukilala kwa ubavu ule anaolazwa. Siku zote hizi amelala anaitazama ndoano iliyoachwa wazi, nyuma ya migongo ya watu waliokuja kumwona, na ana neno moja tu la kuwakinga. Nikamfunika yeye. Nikawafukuza watu, ndoano nikaiacha.

Sijui nilie au nicheke. Nimefanya yote mawili, kwa fujo, na yeye akawa ananitazama kwa wasiwasi kama mimi ndiye mgonjwa.

Nisijidanganye. Si kila ficha yake ni ndoano. Nilimuuliza, Baba Neema, unataka kwenda Goweko? Akasema ficha. Unataka kubaki hapa? Ficha. Uji je? Ficha. Daktari yuko sahihi pia, neno limeganda, linatoka hata pasipo kuitwa. Na jioni hii amekula vijiko vilevile vichache. Mkono wa kulia bado umelala. Hakuna muujiza uliotokea katika nyumba hii.

Ila kuna jambo moja. Nilipomaliza kulia nilifunga sanduku la bati, nikaliweka kwenye begi la safari juu ya mashati, nikidhani atapenda kuwa nalo huko. Akanyoosha mkono wa kushoto. Begi lilikuwa kando yake kitandani. Alihangaika, akakosa, akarudia, jasho linamtoka. Nikataka kumsaidia nikajizuia. Akalishika sanduku kwa pembe, akalivuta likatoka ndani ya begi, likamwangukia kifuani. Akaliwekea mkono juu. Mpaka sasa ninapoandika hajautoa mkono. Kule kwa Maganga ni mashamba ya tumbaku kila upande, maji ya kuvua hakuna, na Baba Neema anajua hivyo kuliko mimi.

Nalichukulia hilo kuwa jibu. Labda nakosea tena. Naogopa sana kukosea tena, nimekosea vya kutosha kwa neno moja.

Nimempigia Mzee Malogo. Nilimwambia mzee, shikamoo, njoo kesho asubuhi umtanie mwenzako, na ukali uongeze. Akasema, "Marahaba. Mwambie huyo mpagazi aoge, nakuja." Mlango nimeufungua, upepo unaingia na vumbi lake.

Maganga najua hatanisikiliza. Nitasema ficha haina maana ile, atasema shemeji umechoka, pumzika, na kwa upande wake atakuwa na haki, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha maana ile. Kwa hiyo sitamwambia kitu. Nimeacha ndoano moja na mnyoo mmoja mezani, wa kijani, mzima. Akishuka kwenye gari, kabla hajagusa begi, nitampa, nitamwomba avalishe mbele ya kaka yake. Maganga hajawahi kuvua hata dagaa. Ataiacha ncha nje.

Halafu na yeye asikie anachoambiwa.